Bendi za Dunedin: Utangulizi kwa Msikilizaji Mgeni

Anayetaka kuufahamu muziki wa bendi za kujitegemea za New Zealand asianzie Wellington, mji mkuu, wala Auckland kwenye watu wengi na studio kubwa. Ashuke kusini mpaka Dunedin, mji wa vilima na baridi ya bahari, ulioanzishwa na walowezi wa Kiskoti mwaka 1848, wenye chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini humo, Otago. Miaka ya 1980 ilipoanza, mji huo ulikuwa na wakazi laki moja hivi. Wanafunzi walipanga nyumba mbovu za bei nafuu, wakafanyia mazoezi humohumo, na jioni wakapiga kwenye baa kama Empire na Captain Cook mbele ya wenzao waliokuwa nao darasani mchana.

Vitabu na magazeti huuita muziki wao "sauti ya Dunedin": magitaa yanayolia kama njuga, mwangwi mwingi, mwimbaji anayesikika kwa mbali. Namwomba msomaji aliweke jina hilo kando kwa muda. Bendi hizi hazikufanana sana, na baadhi ya wanamuziki wenyewe walilichoka jina hilo mapema. Kilichoziunganisha kwa hakika ni vitu viwili: mashine moja ya kurekodia, na watu wachache waliokuwa wakizunguka kutoka bendi hadi bendi. Ukivifuata viwili hivyo, hutapotea.

Mashine ilikuwa TEAC ya traki nne, mali ya Chris Knox. Knox aliwahi kuongoza The Enemy, bendi ya punk ya Dunedin, kisha Toy Love, ambayo mwaka 1980 ilivuka kwenda Australia na kurekodi albamu katika studio ya kampuni kubwa mjini Sydney. Matokeo hayakuwaridhisha hata kidogo. Makali yote waliyokuwa nayo jukwaani yalikuwa yamesafishwa. Bendi ikavunjika mwaka huohuo, na Knox akarudi nyumbani akiamini kwamba mwanamuziki anayeshika vifungo mwenyewe, hata kama ni vichache, yuko salama kuliko anayelipiwa studio. Akaanza kurekodi nyumbani na Alec Bathgate kwa jina la Tall Dwarfs. Zaidi ya hapo, yeye na mwenzake Doug Hood wakawarekodi vijana wengine.

Traki nne ni chache mno. Dramu zikishachukua nafasi yake, pamoja na besi, gitaa na sauti, hakuna pa kurudia kosa wala pa kupamba. Ndiyo maana kwenye rekodi hizi utasikia chumba chenyewe, pamoja na pumzi na nyuzi zilizoachwa zilie bila kubanwa. Wako wanaousifu umaskini huo wa vifaa kana kwamba ndio uliotunga nyimbo. Mimi sikubali: wapo waliorekodi kwa traki nne mahali pengi duniani na hakuna anayewakumbuka. Mashine iliwapa wepesi wa kufanya jambo wiki hii badala ya mwaka ujao. Nyimbo walikuwa nazo tayari.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni The Clean, bendi ya ndugu wawili, David Kilgour kwenye gitaa na Hamish kwenye dramu, iliyoanza mwaka 1978. Mwaka 1981 Roger Shepherd, meneja wa duka la santuri mjini Christchurch, alianzisha lebo ya Flying Nun bila mtaji wa maana, na "Tally Ho!" ya The Clean ikawa santuri yake ya pili. Inasimuliwa kwamba kuirekodi kuligharimu dola 50. Ikapanda mpaka nafasi ya 19 kwenye chati ya taifa, na Shepherd akajikuta ana kampuni kweli. Lakini usikilize zaidi ile iliyofuata mwaka huohuo, Boodle Boodle Boodle, iliyorekodiwa na Knox na Hood. Anza na wimbo wa mwisho, "Point That Thing Somewhere Else". Dramu hazibadiliki kwa zaidi ya dakika tano, gitaa linang'ang'ania sehemu ileile, halafu taratibu unagundua kwamba linalobadilika ni sikio lako. Bendi za Marekani kama Pavement na Yo La Tengo zilisoma sana hapa.

Sasa wafuate watu. Kinanda unachokisikia kwenye "Tally Ho!" kinapigwa na Martin Phillipps, kijana aliyekuwa akiunda bendi yake, The Chills. Mpiga besi wa The Clean, Robert Scott, akaenda kuanzisha The Bats mwaka 1982. Peter Gutteridge alikuwamo The Clean ilipoanza, akapitia The Chills, baadaye akaunda Snapper yenye ngurumo nzito. Anayejua jinsi wanamuziki wa dansi Dar es Salaam walivyohama na mitindo yao hatashangaa.

The Chills ndiyo bendi itakayokukaa moyoni upesi. Ilitokea kwanza kwenye Dunedin Double ya 1982, santuri mbili zilizogawanywa kwa bendi nne, kila moja upande wake: The Chills, Sneaky Feelings, The Stones na The Verlaines. Wimbo wao mkuu ni "Pink Frost", uliorekodiwa mwaka 1982 na kutolewa 1984. Unaanza kwa gitaa jepesi, karibu la furaha, kisha besi inashuka na wimbo wote unaingia gizani. Kati ya kurekodiwa na kutolewa kwake, mpiga dramu Martyn Bull alifariki kwa saratani ya damu. Alimwachia Phillipps koti lake la ngozi, na "I Love My Leather Jacket" ya 1986 inatokana na urithi huo, ingawa asiyejua atadhani ni wimbo wa kuchezea tu. Albamu ya Submarine Bells ya 1990 ilishika namba moja New Zealand. Ni nzuri, ila ina manukato ya studio. Iache ije baadaye. Phillipps alifariki mwaka 2024.

Look Blue Go Purple husahauliwa, na kosa hilo halina udhuru. Walikuwa wanawake watano, 1983 hadi 1987, wenye filimbi, kinanda na sauti zinazopishana bila kiongozi mmoja. Sikiliza "Cactus Cat". Kuachwa kwao pembeni kunatuingiza kwenye mjadala ulio hai wa uwanja huu. Matthew Bannister, aliyekuwa Sneaky Feelings na baadaye akawa mwanazuoni, ameandika kwamba ladha ya Knox na wenzake ilikuwa na kanuni zake kali za kiume, na kwamba bendi yake iliyopenda melodi laini ilionekana haina ugumu wa kutosha. Si kila mtu anakubaliana naye. Mimi naona ana hoja, hasa ukilinganisha kurasa walizopewa wavulana na zile walizopewa wasichana watano.

The Bats hawataki maelezo mengi: weka Daddy's Highway ya 1987 uendelee na kazi zako. The Verlaines ni kinyume chake. Graeme Downes alisomea muziki hadi udaktari, akaandika tasnifu kuhusu Mahler, na nyimbo zake zimejaa mageuzi ya ghafla ya mdundo na ufunguo. "Death and the Maiden" ya 1983 ndiyo rahisi kuipenda. Hallelujah All the Way Home ya 1985 itakuchosha mara ya kwanza na pengine ya pili. Isikilize ukiwa umetulia, baada ya nyingine zote.