Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta ya Chama: Soma Alama Kabla ya Kulipa



Katika kukagua vyama vya msingi hapa Babati nimekuta mara nyingi hali moja. Chama kina kompyuta mpakato ya zamani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na Katibu hulalamika kwamba inakwenda polepole na betri yake haidumu. Msimu wa mbaazi ukifika, wakulima wakiwa wamepanga foleni ghalani, umeme hukatika na kazi husimama. Aidha, taarifa za vyama siku hizi hupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU. Kwa hiyo kompyuta si pambo la ofisi tena. Hapo ndipo Kamati huamua kuongeza kumbukumbu, yaani RAM. Uamuzi huo ni mwema, lakini yapasa ufanywe kwa kujua.

Chama kimoja kilinunua vibao viwili vya kumbukumbu kwa haraka. Viliingia barabara katika nafasi zake, lakini kioo kilibaki cheusi. Fedha ilikwisha tolewa, na muuzaji hakukubali kuvipokea tena. Kosa lilikuwa herufi moja tu.

Kwa nini kumbukumbu hula umeme

Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa madebe mengi madogo yanayovuja. Kila debe hushika chembe ya umeme, nayo hupungua mara moja. Kwa sababu hiyo kompyuta hulazimika kuyajaza upya yote katika kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde, hata kama Katibu haandiki kitu. Hata kompyuta ikiwa imelazwa bila kuzimwa, kumbukumbu huendelea kunywa betri.

Kadiri volti zinavyopungua, ndivyo umeme unaotumika unavyopungua, na kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa nguvu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Kibao cha volti 1.5 hutoa hesabu ya 2.25, cha volti 1.35 hutoa 1.82. Tofauti ni karibu asilimia 19.

Alama za kusoma

Kila kibao kina karatasi iliyobandikwa. Tazama mwanzo wa namba yake:

PC3 ni aina ya DDR3, volti 1.5.
PC3L ni aina ya DDR3L, volti 1.35.
PC4 ni aina ya DDR4, volti 1.2.

Kibao cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR3, kwa hiyo hapo hakuna hatari ya kudanganyika. Hatari ipo kati ya PC3 na PC3L, kwa maana umbo lao ni moja. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2013 zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nne hutaka PC3L peke yake. Ukiweka PC3 huenda zisiwake kabisa. Zile za kabla ya hapo kwa kawaida hukubali PC3L, lakini nyingine huiendesha kwa volti 1.5, na ukichanganya aina hizo mbili, vyote huendeshwa kwa 1.5. Basi kwa kompyuta ya DDR3, PC3L ndiyo salama zaidi kununua. Baadhi ya kompyuta nyembamba zina kumbukumbu iliyolehemiwa, nazo haziongezeki.

Faida ni kiasi gani?

Tusidanganyane. Kioo na prosesa hutumia umeme mwingi kuliko kumbukumbu, kwa hiyo kubadili kibao kizima kinachofanya kazi kwa ajili ya volti tu ni kupoteza fedha. Faida kubwa hutoka kwingine. Kumbukumbu ikiwa ndogo, kompyuta hugeuza diski kuwa kumbukumbu ya akiba, nayo diski ya kuzunguka huhangaika muda wote. GB 8 zinatosha kwa hesabu, barua na MUVU. Kuzidisha ni kujaza madebe ambayo hayatumiki. Tazama pia kama programu endeshi ni ya biti 32, kwani hiyo haiwezi kutumia zaidi ya takriban GB 4 hata ukiongeza.

Utaratibu wa kufuata

1. Fundi afungue kompyuta kwanza, chaja ikiwa imechomolewa na betri imetolewa, na Katibu anakili namba ya kibao kilichomo.
2. Namba hiyo iandikwe katika muhtasari wa Kamati pamoja na kiasi kilichoidhinishwa.
3. Muuzaji aandike alama ya kibao katika stakabadhi, si neno "RAM" peke yake, na akubali kukipokea kisipofanya kazi.
4. Kibao kijaribiwe mbele ya Katibu kabla ya malipo.
5. Kibao kilichotolewa ni mali ya chama. Kirudi stoo na kiandikwe katika rejesta.

Mkaguzi akija, ataomba stakabadhi na kile kibao cha zamani. Chama chenye vyote viwili hakitakuwa na hoja ya kujibu mbele ya mkutano mkuu.