Watoto Wawili Mbele ya Hakimu

Hapana mwenye moyo wa huruma atakayekana haja ya sheria kali juu ya mtu mzima amharibuye mtoto. Na Bunge la Kenya, lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kingono katika mwaka wa 2006, kwa mswada ulioletwa na Bi. Njoki Ndung'u, lilitenda jambo la kushukuriwa. Sheria hiyo ilikata shauri kwamba aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, ikazipanga adhabu kwa umri wa aliyenajisiwa: kifungo cha maisha ikiwa hajapita miaka 11, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa amepita hapo lakini hajawa mtu mzima.

Walakini maneno yanayoeleza kosa hayapambanui baina ya mzee wa miaka 50 na mvulana wa miaka 16 aliyependana na msichana wa rika lake. Ni kweli kwamba sheria yenyewe yampa hakimu ruhusa ya kumhukumu mshtakiwa mdogo kwa taratibu za watoto, na kumpeleka katika shule ya marekebisho badala ya jela. Ila nafuu hiyo huja akiisha kutiwa hatiani, yaani baada ya kukamatwa, kukatizwa masomo, na kubandikwa jina la mnajisi ambalo mtaa hausahau upesi.

Kadhia hii imekwisha kufika Mahakama Kuu. Mwaka wa 2014, huko Eldoret, mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa ajili ya msichana wa umri huo huo alidai kwamba amebaguliwa. Jaji akayakataa madai yake, akiona kuwa sheria yakusudia kuwakinga watoto na mambo wasiyoyawezea. Mwaka wa 2017, huko Homa Bay, jaji mwingine alipoletewa shauri la wawili ambao wote hawajatimiza miaka 18, mmoja kafanywa mshtakiwa na mwenziwe kafanywa shahidi, aliona kwamba kumshika mvulana peke yake ni kumbagua kwa jinsia yake. Basi kijana hawezi kujua lipi litamfika, maana mahakama mbili za daraja moja zimetoa majibu mawili.

Wako wasemao kwamba insafu ni kuwashtaki wote wawili. Afrika Kusini ililijaribu jambo hilo: sheria yake ya mwaka wa 2007 iliwatia hatarini wasichana na wavulana wa miaka 12 hadi 15 waliokubaliana wenyewe, hata kwa kubusiana tu. Tarehe 3 Oktoba 2013 Mahakama ya Katiba iliibatilisha sehemu hiyo, kwa hoja kwamba inawavunjia vijana heshima na kuwaogofya wasiende kutaka nasaha na matibabu. Mwaka wa 2015 Bunge la huko likarekebisha sheria, hata aliye na miaka 16 au 17 asishtakiwe kwa kupatana na mdogo wake, maadamu hawakupitana zaidi ya miaka miwili.

Najua hofu ya wazazi, na hofu hiyo ina haki yake, kwa kuwa mimba za mapema zimewatoa wasichana wengi shuleni. Lakini kusamehe mashtaka si kuhalalisha tendo. Mzazi, mwalimu na shekhe au padre wanabaki na wajibu wa kukanya na kufunza, na samaki hukunjwa angali mbichi. Wala mvulana aliyetumia nguvu, vitisho au hila asidhani kwamba udogo wake ni kinga, kwani huyo amebaka, na aliyedhulumiwa anastahili haki kamili.

Mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba viwango vya chini vya adhabu vilivyowekwa na sheria hii vitabaki kuwa sheria, na kuvibadili si kazi ya majaji. Kwa hiyo ni juu ya Bunge kuongeza kifungu kinachowatenga vijana wa rika moja na watu wazima. Na hata kabla ya siku hiyo, mwendesha mashtaka asitie kalamu karatasini kabla ya kuuliza umri wa kila mmoja, miaka waliyopitana, na kama palikuwa na shuruti. Maswali hayo hayamwachilii dhalimu hata mmoja, na huenda yakamwokoa mtoto asifungwe na sheria iliyotungwa kwa ajili ya kumlinda.