Kaburi la baba huko Kalima

Kindu imejaa watoto wa kambi. Uliza mtu yeyote kwenye soko baba yake alifanyia kazi wapi, atakujibu Kalima, Kailo, Punia ao Kampene. Baba zetu walitoa kasiterite, sisi tukasoma na pesa yake. Mwaka 1985 bei ikaanguka kule London, kazi ikapungua, na kila jamaa ikatafuta pa kukaa. Nyumba ya kambi ni ya kazi. Kazi ikiisha, unafunga mizigo.

Yaya wetu wa kwanza ndiye aliyetuita kwake Mikelenge. «Mama tulimuzika hapa Kindu, kaburi yake kila mutu anaijua. Ya baba kule Kalima niko najua mimi peke. Nikifa, mutauliza nani?»

Basi tukavuka Lualaba asubuhi, watu saba, wajukuu watatu ndani, tukachukua moto pale Alunguli. Ni karibu kilometa 100, lakini kwa barabara ile hesabu ya kilometa haisaidii kitu. Mama aliipita kwa miguu wakati wa vita ya 1998, kitinda mimba mgongoni. Kila tulipokwama katika matope, yaya alikuwa anawakumbushia watoto jambo hilo, nao wakaacha kulalamika.

Nyumba yetu ingali imesimama. Jamaa ingine inakaa ndani, na mama wa pale alitupatia viti na wali na sombe hata kabla ya kuuliza majina. Yaya akawaonyesha watoto: hapa babu yenu alikuwa anaacha buti za matope, pale bibi yenu alikuwa anaanika mpunga, na kuku wa jirani wanakula nusu. (Ugomvi wa wale kuku ulidumu miaka.)

Makaburini ndipo tulinyamaza. Msalaba wa mti ulikwisha kuoza. Yaya alihesabu hatua toka mwembe mkubwa, akasimama, akaanza kulia. Shimo la wachimbaji lilikuwa limefika karibu sana, hatua kumi hivi.

Mmoja wetu alitaka kugombana. Lakini vijana wale walitoka shimoni, wakavua kofia. «Mama, hatukujua kama kuna muntu hapa. Hakuna alama.» Na kweli, alama haikuwako. Tungewalaumu namna gani? Wanafanya kazi ileile iliyotulisha sisi, tena bila posho wala nyumba. Wenye wazazi katika makaburi ya kambi, muende kuweka alama mapema.

Mpwa wetu, yeye mwenyewe ni mchimbaji, aliomba karai kwa wale vijana, wakabeba mawe pamoja naye mpaka jioni. Alitaka kujua babu alichimba upande gani wa mlima. Yaya akamwonyesha kwa kidole.

Sima tuliyobeba ilitosha nusu ya kaburi tu. Wakati wa kiangazi tutarudi kumaliza, na jina la mama tutaliandika pale pamoja na la baba, ijapokuwa yeye amelala Kindu.