Fahamu: Kwa nini dawa ya imunoglobulini ni ghali

Dawa hii ya dripu hutengenezwa kwa damu za watu. Plazima, yaani majimaji ya damu, hukusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji, huchujwa na kuondolewa virusi. Kazi ya miezi 7 hadi 12. Sehemu kubwa hutoka Marekani, ambako wachangiaji hulipwa.

Kisha kuna uzito wa mgonjwa. Mwenye Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, kwa kawaida hupewa gramu 2 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 140: chupa 14 za gramu 10, mbali na gharama za kitanda. Waliozaliwa na upungufu wa kinga huirudia kila wiki 3 au 4, na hao ndio wanaoumia zaidi.

Ukiuguza mwenye Guillain-Barré, muulize daktari kuhusu kubadilisha plazima kwa mashine. Matokeo yake hulingana na ya dawa hii.