Kinga Ifuliwayo Mtokini

Msomaji wa Dumila, pale barabara ya Kilosa inapochepuka kutoka ile kuu ya Morogoro na Dodoma, ameuliza ni nani hasa aliyestahiki kuchanjwa UVIKO-19, na chanjo yafaa nini ikiwa yeye aliyechanjwa aliugua baadaye vilevile.

La kwanza ni jepesi. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo Ikulu ya Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, walitangulizwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu. Kisha ikawa ni haki ya kila aliyetimiza miaka 18.

La pili ndilo lenye utamu. Chanjo ile ya kwanza, Janssen ya dozi moja, katika majaribio yake ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ule mkali peke yake kwa asilimia 85. Na baadhi ya siri ya tofauti hiyo imo katika mitoki ya kwapani (wataalamu husema tezi za limfu, nami sioni kwa nini neno la wazee lidharauliwe eti kwa kuwa aghalabu hutajwa mitoki inapovimba). Humo, seli B (chembe za kinga zitengenezazo kingamwili) zilizotambua mwiba wa kirusi huzaana kwa kasi, na kila zikizaana jeni zao hupata makosa, hasa pale penye maelekezo ya umbo la kingamwili.

Ichukulie kingamwili kuwa ufunguo, na mwiba ule kuwa kufuli. Hebu mfikirie fundi wa funguo pale sokoni Dumila, kando ya matenga ya nyanya, aliyeletewa kufuli lisilo na ufunguo, naye ni kipofu: tupa yake hupita popote, ufunguo usioingia hutupwa, na ule uingiao ukakwama hausifiwi, bali hufanywa kigezo cha kuchongea mingine mia, ambayo nayo hujaribiwa, hata baada ya majuma mengi ukapatikana unaozunguka bila kelele, ilhali aliyeuchonga hakuuona kamwe, maadamu hakimu alikuwa kufuli lenyewe.

Basi kingamwili za damuni hupungua kadiri miezi ipitavyo, na kirusi hupata nafasi puani. Lakini seli za kumbukumbu, yaani zile seli B zilizobaki baada ya uteuzi huo, zenye funguo zilizokwisha kunyooshwa, huamka ndani ya siku chache na, zikisaidiwa na seli T (chembe nyingine za kinga), aghalabu humwahi adui kabla hajayashika mapafu. Kirusi nacho hubadili kufuli lake, ndiyo sababu ya dozi za nyongeza.

Kwa hiyo msomaji wetu, aliyeugua akapona kitandani mwake, hakudanganywa. Na kama nyumbani mwake yupo mzee mwenye kisukari ambaye hajachanjwa, amfikishe kituo cha afya akaulizie.