Wabi-sabi nyumbani: Kipi ukiache kizeeke, kipi ukitengeneze haraka

Ukuta wa udongo, kigoda chenye mafundo ya mti, bakuli lililopinda kidogo. Picha za nyumba zilizopambwa kwa mtindo wa wabi-sabi zimejaa kwenye simu zetu, na ni rahisi kuzipenda, hasa kwa mzazi aliyechoka kununua vitu vipya vinavyovunjwa na watoto ndani ya wiki.

Mtindo huu asili yake ni Japani. Wabi ni uzuri wa kitu cha kawaida kisicho na makuu. Sabi ni uzuri unaoletwa na umri, kama mbao iliyokolea rangi kwa kushikwa miaka mingi. Anayetajwa zaidi ni Sen no Rikyū, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591. Chumba cha chai kinachohusishwa naye, Tai-an, bado kipo karibu na Kyoto: kuta za udongo, sakafu ya mikeka miwili tu.

Inasimuliwa kwamba Rikyū alipoambiwa asafishe bustani, aliifagia yote, kisha akatikisa mti ili majani machache yaanguke. Nakipenda kisa hicho kwa sababu ufagio ulitangulia. Wabi-sabi haikuwahi kuwa ruhusa ya uchafu wala ubovu.

Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, tofauti hiyo ni suala la afya. Rangi kuukuu inayobanduka ukutani au dirishani hupendeza kwenye picha, lakini rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Mtoto hushika vumbi lake, kisha hutia vidole mdomoni. Risasi huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiipige msasa. Fundi ailoweshe kwanza, watoto wakiwa mbali, kisha sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi.

Ukungu mweusi kwenye ukuta wenye unyevu nao si pambo. Huweza kumchochea pumu mtoto mwenye ugonjwa huo, na kuupaka rangi juu hakusaidii kama bomba bado linavuja.

Kuna pia kintsugi, ufundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti uitwao urushi, kisha kunyunyizia unga wa dhahabu. Utomvu ukiwa mbichi huweza kutoa vipele vikali kwenye ngozi. Ukishakauka kabisa, chombo hulika nacho. Lakini vifurushi vingi vya bei nafuu vya kujifunzia huwa na gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu tu. Bakuli lililoungwa kwa gundi hiyo liwekee funguo. Uji wa mtoto utafutie jingine.