Malezi ya Malkia wa Nyuki

Baadhi ya vijana wetu wafugao mizinga miwili mitatu kwa kujifurahisha hudhani ya kuwa malkia hutoka katika yai la namna ya pekee. Sivyo. Yai ni lile lile limtoalo nyuki mtenda kazi. Tofauti ni malezi. Buu la mtenda kazi hulishwa maziwa ya nyuki siku tatu hivi, kisha asali na unga wa maua. Lile la malkia hupewa maziwa tele mpaka kijumba chake kizibwe kwa nta. Basi malkia hutoka siku ya 16, mtenda kazi siku ya 21. (Wanafunzi wa nahau watakumbuka ya kuwa katika Suratun Nahl nyuki aamrishwa kwa tamko la kike.)

Siri hiyo ndiyo aliyoitumia Mmarekani G. M. Doolittle, aliyeieleza kitabuni mwaka 1889: akatengeneza vikombe vya nta, akahamishia humo mabuu machanga, akawaachia nyuki kazi ya kulea. Atakaye kumfuata na achague buu lisilopita siku moja tangu kuanguliwa. Mzinga wa kulelea usiwe na malkia, wala usipungukiwe na nyuki wachanga, kwani hao ndio watoao maziwa. Kisha vijumba vigawanywe kabla ya siku ya 10 tangu kuhamisha kupita, maana malkia atakayetangulia kutoka huwachoma wenziwe vijumbani, na mfugaji akabaki na mmoja tu.